Kupiga Window Bila Kupigwa

Kufuta mfumo wa kompyuta kwa bahati mbaya hakuhitaji uzembe mkubwa. Kijana anataka kuijaribu Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux. Anaiandika kwenye flashi, anawasha laptopu, na akifika kwenye ukurasa wa kuchagua namna ya kusakinisha anabonyeza chaguo la kufuta diski yote, akidhani litagusa nafasi tupu tu. Mwingine anaona diski imejaa, anafungua orodha ya patisheni, yaani mafungu ambayo diski imegawanywa, na kuanza kufuta yale asiyoyaelewa. Mwenye Mac anataka kuiuza, anaifuta diski nzima kabla hajajua mfumo mwingine utatoka wapi, na akiiwasha anakutana na folda yenye alama ya kuuliza. Wa nne hakugusa kitu: alipeleka mashine ibadilishwe diski, ikarudi na Windows ambayo siyo aliyoinunua nayo.

Wote wanabaki na swali moja: mfumo uliokuja na mashine unarudije? Mtaani jibu ni fupi, kwamba mtafute fundi akupigie window, yaani akusakinishie Windows. Jibu hilo lina faida zake, maana si kila mtu ana muda na moyo wa kuhangaika na menyu za bluu. Lakini linafunika jambo muhimu. Kwa sehemu kubwa ya laptopu zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa mwaka 2012, anayelipia “window” ananunua kitu alicho nacho tayari. Wakati huohuo, kitu ambacho hakinunuliki dukani kokote kinafutwa bila mtu kukiulizia.

Vitu vinne ndani ya jina moja

Tunaposema “mfumo wa asili” tunakuwa tumefunga vitu vinne katika furushi moja. Cha kwanza ni leseni, yaani haki ya kuutumia mfumo huo kwenye mashine hiyo. Cha pili ni mafaili ya mfumo wenyewe. Cha tatu ni draiva, programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na Wi-Fi, sauti, kamera na kioo, pamoja na nyongeza za mtengenezaji. Cha nne ni mafaili ya mwenye mashine: picha, hesabu za duka, tasnifu, barua.

Vitu hivi havikai mahali pamoja, kwa hiyo havipotei pamoja. Nyumba ikiungua, hati ya kiwanja iliyosajiliwa haiungui nayo. Vivyo hivyo, diski ikifutwa, kinachoondoka ni kile tu kilichokuwa kwenye diski. Mafaili ya mfumo yanaondoka, lakini hayo yanapakuliwa upya bure kutoka kwa Microsoft au Apple. Draiva zinaondoka, nazo zinapatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji. Leseni, ambayo ndiyo watu huiogopea zaidi, kwa kawaida haiguswi kabisa. Kinachopotea kweli ni mafaili ya mwenyewe, na hayo hayana kiwanda cha kuyatengeneza tena.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza “nitarudishaje”, swali la kutangulia ni “kipi hasa kimepotea”. Anayelijua jibu lake anaweza kumaliza kazi nyumbani kwa jioni moja, au kumwelekeza fundi badala ya kuelekezwa.

Asili ilikuwa inakaa wapi

Hofu ya kupoteza leseni ina sababu za kihistoria. Windows 95 iliuzwa kwenye CD, na kwa asiyekuwa na kisomea CD ilikuja kwenye rundo la disketi 13. Aliyepoteza disketi moja alikuwa amepoteza mfumo. Ilipofika Windows XP mwaka 2001, Microsoft ilianzisha uamilishaji: ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ulilazimika kuthibitishwa na kampuni kabla mfumo haujakubali kufanya kazi kwa muda mrefu. Kwa laptopu, ufunguo huo ulichapishwa kwenye kibandiko kilichogundishwa chini ya mashine, palepale panapopata joto, jasho na msuguano wa meza. Baada ya miaka michache maandishi yalifutika, na laptopu nyingi za enzi za XP, Vista na Windows 7 zilibaki na kibandiko cheupe.

Wakati huohuo watengenezaji waliacha kuweka CD kamili za Windows ndani ya boksi. Badala yake walitenga fungu la diski lililofichwa na kulijaza nakala ya mfumo kama ulivyotoka kiwandani. Mwenye mashine alibonyeza kitufe fulani wakati wa kuwasha: F11 kwa HP nyingi, F9 kwa Asus nyingi, Alt na F10 kwa Acer, sifuri kwa Toshiba, na kwa Lenovo kadhaa kulikuwa na kitufe kidogo pembeni kinachobonyezwa kwa ncha ya kalamu. Baada ya muda mashine ilirudi kama mpya. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: dawa ilihifadhiwa kwenye chombo kilekile kilichoweza kuugua. Diski ikifa, nakala ya kiwanda imekufa nayo. Na anayefuta mafungu “yasiyoeleweka” ili apate nafasi, fungu analoanza nalo mara nyingi huwa ni hilohilo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Windows 8 mwezi Oktoba 2012. Kuanzia hapo, laptopu iliyouzwa na Windows iliandikiwa ufunguo wake kiwandani ndani ya chipu ya ubao mkuu, kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Kibandiko cha chini kikabaki nembo tu, bila ufunguo. Windows inaposakinishwa upya, kisakinishi kinausoma ufunguo huo chenyewe, kinachagua toleo linalolingana nao, na mara mashine inapopata intaneti inaamilishwa bila mtu kuandika herufi hata moja. Mwaka 2015 Windows 10 iliongeza hatua nyingine: mashine iliyokwisha kuamilishwa inatunzwa kwenye kumbukumbu za seva za Microsoft kwa alama za vifaa vyake. Mwaka uliofuata leseni hiyo ikaweza kufungamanishwa na akaunti ya mtumiaji.

Ukiitazama safari hiyo yote, makao ya leseni yametoka kwenye boksi, yakahamia kwenye kibandiko, kisha kwenye chipu, na mwisho kwenye seva. Kila hatua imeiweka mbali zaidi na diski, na hivyo mbali zaidi na mkono wa anayefuta kwa makosa. Lakini kila hatua pia imeiweka mbali zaidi na mwenye mashine: hawezi kuishika, na bila intaneti hawezi kuithibitisha.

Aliyeifuta Windows akabaki na Ubuntu anaweza kuhakikisha mwenyewe, kwa kuwa chipu haijali mfumo gani uko kwenye diski. Afungue dirisha la amri ndani ya Ubuntu na kuandika: sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM. Makundi matano ya herufi tano yakitokea mwishoni, huo ndio ufunguo wa Windows uliokuja na laptopu. Atakuwa ameuona akiwa ndani ya mfumo uleule ulioifuta Windows.

Pale kanuni inapovunjika

Yapo mazingira ambamo leseni inapotea kweli, au haikuwapo tangu mwanzo, na uchambuzi wa haki lazima uyataje.

Kwanza, ubao mkuu ukibadilishwa, ufunguo unaondoka na ubao wa zamani. Laptopu iliyomwagikiwa chai ikawekewa ubao wa mtumba inaweza kuwa na ufunguo wa mashine nyingine, au isiwe na ufunguo wowote.

Pili, ufunguo una toleo lake. Laptopu nyingi za bei ya kawaida zina ufunguo wa Windows Home, na baadhi zina lile toleo la lugha moja tu. Fundi akiweka Windows Pro kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye flashi yake, ufunguo wa ndani hautakubali. Hapo ndipo mteja anaambiwa kwamba “leseni imekufa”, na programu ya kuvunja kufuli inaletwa. Leseni haijafa. Kilichosakinishwa ndicho kisicholingana nayo.

Tatu, laptopu iliyokuja na Windows 7 au 8 ina hadithi ndefu zaidi. Kwa miaka mingi funguo za matoleo hayo ziliamilisha Windows 10, na baadaye hata Windows 11, lakini Microsoft ilifunga njia hiyo mwezi Septemba 2023. Mashine ambayo ilikwisha kuamilishwa kwa Windows 10 kabla ya hapo bado inatambuliwa na seva. Ile ambayo haikuwahi, haitapata tena kwa njia hiyo.

Nne, ziko laptopu zilizouzwa bila Windows kabisa. Watengenezaji wakubwa wameuza kwa miaka mingi mashine zenye FreeDOS, mfumo mdogo wa bure ambao mnunuzi wa kawaida hawezi kuutumia kwa lolote. Bei yake huwa ya chini kwa kuwa leseni haimo. Muuzaji anaweka Windows ya bandia, mteja anaondoka na furaha, na siku mfumo unapofutika anatafuta “asili” ambayo haikuwahi kuwapo. Amri ile ya MSDM inamaliza ubishi hapa pia: jedwali lisipoonekana kwenye laptopu ya miaka ya karibuni, hakuna leseni ya kiwandani ya kurudisha.

Njia ya kiwanda na njia safi

Leseni ikiwa salama, njia za kurudi ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha nakala ya kiwanda. Ikiwa fungu lililofichwa bado lipo, kitufe cha mtengenezaji kinatosha. Ikiwa limefutwa, kampuni kubwa zina zana za kupakua nakala hiyo kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine: HP, Dell na Lenovo zote zinazo. Unachohitaji ni namba ya utambulisho iliyochapishwa chini ya laptopu. Faida yake ni kwamba draiva zote zinakuja humohumo, na mashine inawaka ikiwa na sauti, Wi-Fi na vitufe maalumu vinavyofanya kazi. Hasara yake ni kwamba unarudishiwa pia programu za majaribio, matangazo na takataka nyingine ambazo mtengenezaji alilipwa kuziweka.

Hasara hiyo imewahi kuwa ya hatari. Mwezi Februari 2015 ilifahamika kwamba baadhi ya laptopu za Lenovo zilitoka kiwandani zikiwa na Superfish, programu ya kupachika matangazo iliyojiweka katikati ya kivinjari na tovuti zilizofungwa kwa usimbaji, zikiwamo za benki. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba Lenovo kadhaa zilibeba ndani ya chipu ya ubao mkuu kipande kilichorudisha programu za kampuni hata baada ya Windows safi kusakinishwa. Lenovo ilitoa marekebisho, na mwaka 2017 ilifikia makubaliano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuhusu Superfish. Aliyerudisha “asili” ya laptopu hizo kutoka kwenye fungu lililofichwa alikuwa anarudisha pia tatizo lake. Asili, kwa hiyo, si lazima iwe hali bora ya mashine.

Njia ya pili ni Windows safi kutoka kwa Microsoft yenyewe. Zana yake ya kutengeneza flashi inapatikana bure. Inataka flashi ya GB 8 au zaidi na kompyuta nyingine yenye Windows. Mwenye Linux au Mac tu anapewa faili zima la ISO, yaani kisakinishi chote kilichofungwa katika faili moja, lenye zaidi ya GB 5. Kwa anayetegemea bando la simu hilo si jambo dogo, na ndiyo sababu mojawapo flashi ya fundi ina mvuto: gharama ya kupakua imekwisha kulipwa.

Hapo ndipo wengi hukwama, na vikwazo vyenyewe ni vichache na vinajulikana. Kikwazo cha kwanza ni uandishi wa flashi. Faili la ISO la Ubuntu linaweza kumwagwa kwenye flashi kama lilivyo na likawaka. La Windows halikubali hivyo. Kinahitajika chombo kinachoijua Windows, kama Rufus kwa aliye kwenye Windows au Ventoy kwa aliye kwenye Linux. Kunakili kwa mkono nako kunagoma, kwa kuwa mpangilio wa FAT32 unaotumika kwenye flashi hauruhusu faili moja kuzidi GB 4, na faili kuu la Windows za sasa mara nyingi linavuka hapo.

Kikwazo cha pili ni kuwasha kutoka kwenye flashi. Kwa Dell, Lenovo na Acer nyingi menyu ya kuwashia hufunguka kwa F12, kwa HP ni F9 au Esc, kwa Asus ni Esc. Flashi hiyohiyo inaweza kuonekana mara mbili kwenye orodha, mara moja ikiwa na neno UEFI. Chagua hiyo. Ukichagua ile nyingine, kisakinishi kinaweza kudai kwamba diski ina mpangilio usiofaa, ingawa haina kosa.

Kikwazo cha tatu kinawatisha hata mafundi: kisakinishi kinafunguka, lakini orodha ya diski ni tupu. Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski husimamiwa kwa teknolojia inayoitwa VMD, na kisakinishi cha Windows kinaweza kukosa draiva yake. Diski haijafa. Draiva hiyo inapakuliwa kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, inawekwa kwenye flashi, na ndani ya kisakinishi kuna kitufe cha kuipakia. Diski inatokea mara moja.

Kikwazo cha nne huja mwishoni. Windows 11 Home inataka intaneti ili imalize kujipanga, na Wi-Fi haijapata draiva yake. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti yake, kompyuta huiona kama mtandao wa waya, na mambo yanaendelea. Baada ya hapo huduma ya masasisho huleta draiva nyingi yenyewe. Chache zinazobaki zinafuatwa kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Mac na Chromebook: seva ndiyo kiwanda

Apple ilifika mwisho wa safari hii mapema. Mac OS X Lion, iliyotoka Julai 2011, iliuzwa kwa kupakuliwa mtandaoni, na Mac za wakati huo zikapewa uwezo wa kupakua mfumo moja kwa moja kutoka seva za Apple hata diski ikiwa tupu kabisa. Kwenye Mac za Intel, Command na R hufungua sehemu ya uokoaji. Ukiongeza Option unapata toleo jipya kabisa ambalo mashine inaweza kulibeba. Ukiongeza Shift na Option unapata toleo lililokuja na mashine, au lililo karibu nalo zaidi ambalo bado linapatikana. Hapo “asili” imewekewa vitufe vyake rasmi.

Lakini seva nayo ina masharti. Vyeti vinavyothibitisha uhalali wa visakinishi vina tarehe ya mwisho. Tarehe 24 Oktoba 2019 cheti kimoja cha Apple kilipitwa na muda, na visakinishi vya zamani ambavyo watu walikuwa wamevihifadhi kwa uangalifu vikaanza kudai vimeharibika. Ililazimu kupakua vipya. Mac ya zamani iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kupoteza tarehe yake na kukataa kusakinisha kwa sababu hiyohiyo. Tiba ni kuirekebisha saa.

Mac za chipu za M, zilizoanza kutoka Novemba 2020, zimeongeza ukali. Uokoaji unafunguliwa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, na kila usakinishaji unathibitishwa na Apple kwa mashine husika. Baadhi ya wanunuzi wa kwanza wa M1 waliozifuta kabla ya kusasisha hadi toleo 11.0.1 walikuta mfumo unakataa kurudi, na Apple ikalazimika kutoa maelekezo maalumu. Uokoaji wa ndani ukiharibika kabisa, inahitajika Mac nyingine na waya wa USB-C ili kuihuisha. Na kama mmiliki wa awali hakuiondoa kwenye akaunti yake, kufuta hakusaidii kitu: mashine itadai nywila yake.

Chromebook ni nyepesi kuliko zote. Mfumo ukiharibika, flashi ya uokoaji inatengenezwa kwenye kompyuta nyingine yenye kivinjari cha Chrome, unaandika aina ya mashine, na kazi imekwisha. Lakini Chromebook iliyosajiliwa na shule hurudi kwenye usajili wa shule ileile hata baada ya kufutwa.

Hasara halisi

Turudi kwenye kitu cha nne, kilichosahauliwa na wote. Anayetambua kosa lake ana nafasi ya kuokoa mafaili ikiwa ataacha kuitumia mashine papo hapo. Kila dakika ya kusakinisha, kupakua na kujaribu huandika juu ya kilichokuwapo. Ndiyo maana ushauri wa “sakinisha Windows kwanza, halafu tutatafuta mafaili” una mpangilio uliogeuzwa.

Kiasi kinachookoka kinategemea aina ya diski. Kwenye diski ya kuzunguka, kufuta fungu hubadilisha orodha tu. Data inabaki hadi iandikwe juu yake. Programu ya bure TestDisk, ya Christophe Grenier, inaweza kurejesha orodha hiyo, na mwenzake PhotoRec huchimba faili moja moja hata orodha ikiwa imeharibika. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, hali ni tofauti. Mfumo unapoandaa fungu upya huiambia SSD kwamba nafasi hiyo haina kazi tena, na SSD huanza kuisafisha yenyewe. Visakinishi vya Windows na vya Ubuntu vyote hufanya hivyo. Aliyechagua kufuta diski yote kwenye laptopu yenye SSD asitegemee muujiza.

Juu ya hapo kuna usimbaji. Windows 11 huwasha ulinzi wa diski yenyewe kwenye laptopu nyingi pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 masharti yake yamelegezwa hivyo mashine nyingi zaidi zimeingia. Ufunguo wa kuifungulia una tarakimu 48 na huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Mtu asiyejua hata kama ana akaunti hiyo, kwa sababu iliundwa na muuzaji dukani kwa barua pepe ya kubuni, ana diski ambayo hakuna fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam wala wa Luthuli Avenue jijini Nairobi atakayeifungua.

Mtumba na flashi ya fundi

Laptopu nyingi zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi ni mashine za ofisi za Ulaya na Marekani zilizomaliza zamu yake huko. Kwa kawaida zilinunuliwa na Windows Pro halali, na ufunguo wake bado umo kwenye chipu. Hata hivyo, mara nyingi humfikia mteja zikiwa na Windows iliyovunjwa kufuli kwa programu zinazoiga seva za uamilishaji za makampuni. Uamilishaji huo unapaswa kujihuisha kila siku 180, kwa hiyo programu ya kuvunja lazima ibaki ndani ikifanya kazi, na ili ibaki, antivirusi inazimwa au kuambiwa isiiguse. Mwezi Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico, programu maarufu ya aina hii, vilivyosambaza CryptBot, kirusi kinachoiba nywila na taarifa za pochi za sarafu za kidijiti. Mteja aliyekuwa na leseni halali ndani ya chipu amewekewa mlango wa wizi ili apate kitu alichokuwa nacho.

Hata kwa asiye na leseni hakuna haraka ya kukimbilia huko. Windows isiyoamilishwa inaendelea kufanya kazi na kupokea masasisho. Inaonyesha maandishi ya kukumbusha kwenye pembe ya kioo na kuzuia kubadili mandhari kwenye mipangilio. Ni kero, lakini haina mwizi ndani.

Mtumba una mtego mwingine, na kufuta mfumo ndiko kunakoufichua. Laptopu ya kampuni iliyosajiliwa kwenye usimamizi wa mbali inaweza kufanya kazi vizuri kwa miezi, lakini siku Windows safi inaposakinishwa na kuunganishwa na intaneti, inafungua ukurasa wa kuingia wenye jina la kampuni ya Ulaya. Hapo si suala la ufundi. Ni kwamba kampuni haikuiondoa mashine kwenye orodha yake, au mashine iliibiwa. Mnunuzi mwerevu angemwomba muuzaji asakinishe Windows safi mbele yake, na intaneti ikiwa wazi, kabla pesa haijabadili mikono.

Je, asili irudi?

Swali la mwisho ni kama inafaa kurudi ulikotoka. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa kawaida yalipangwa kufika Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 au mpya zaidi. Laptopu ya mwaka 2014 inayorudishiwa Windows 8 yake ya asili inarudishiwa mfumo usiolindwa na mtu. Kwa mashine kama hiyo, kijana aliyeifuta Windows kwa bahati mbaya akabaki na Ubuntu huenda amefika mahali pazuri kwa njia mbaya: ana mfumo unaosasishwa, asioulipia, na usiohitaji kuvunja kufuli lolote. Kama kazi yake ni kuandika, kuvinjari na kutazama video, kurudi nyuma ni gharama isiyo na faida. Kama anategemea programu ya uhasibu au ya uchoraji inayokwenda na Windows tu, hapo ana sababu ya kurudi, na pengine sababu ya kufikiria mashine mpya zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kufanya mashine ikiwa bado nzima ni ndogo: kunakili mafaili kwenye diski ya nje, kuandika mahali salama namba ya utambulisho wa laptopu na zile tarakimu 48, kujua akaunti iliyo ndani ni ya nani, na kutengeneza flashi ya kusakinishia kabla haijahitajika. Mfumo ukifutika baada ya hapo, kinachobaki ni jioni ya kusubiri asilimia zipande. Asiye na muda ampelekee fundi na amlipe vizuri, kwa sababu muda wake, ujuzi wake na bando lake vina thamani. Lakini amwambie aweke toleo linalolingana na ufunguo wa ndani, na asiweke kitu kingine. Mashine kama iliuzwa na Windows, ilikwisha kulipiwa. Na kama ilianzia kwenye ofisi ya mtu mwingine ng’ambo, yeye ndiye aliyelipa.